Mume Wangu Aliniita Mfanyakazi Mbele ya Mji Wake

Ndugu wasomaji, nina miaka arobaini na mitatu na ninaishi na baba yangu hapa Al Mankhool, Dubai. Sina mume, sina mtoto. Nilikuwa na mume, na mtoto nilikaribia kumpata... Haya yalinifika miaka ile ya elfu mbili mwanzoni, nikiwa bado msichana. Mpaka leo wapo jamaa zetu wanaoamini niliachwa kwa sababu sizai. Nimenyamaza vya kutosha.

Asili yetu ni Unguja, lakini mimi nimezaliwa hapa hapa. Baba alikuwa akinunua mablanketi, vyombo na viatu kwenye maduka ya Naif, anavipakia bandarini Hamriya kwenda Zanzibar na Mombasa. Nyumbani tulisema Kiswahili, nje Kiarabu na Kiingereza. Nilipomaliza skuli nilipata kazi ya mapokezi katika kampuni ya familia moja ya Kifilipino kule Deira. Nitawaita akina Salvareza. Si jina lao, lakini litatosha.

Mwenye familia alikuwa mama mmoja mfupi mwenye sauti ya upole, tuliyemwita Nanay, yaani mama kwa lugha yao. Hakuzaliwa na utajiri. Alikuja Dubai kuwa mtumishi wa ndani. Siku zake za mapumziko alishona sare za wauguzi, mpaka kafeel wake, yaani mdhamini wake wa Kiarabu, akamruhusu kufungua kiduka cha cherehani. Kutoka cherehani akaingia kwenye mizigo. Wafilipino wanaofanya kazi hapa hujaza sanduku kubwa la karatasi ngumu, sabuni, chokoleti, taulo, nyama za makopo, wakalipeleka kwao. Nanay ndiye aliyewasafirishia, na kila sanduku lilichapwa jina Salvareza kwa herufi nyekundu.

Kule kwao watu hawakuyatupa masanduku yale. Waliyafanya makabati ya nguo, meza, hata vitanda vya watoto wachanga. Karibu kila nyumba ya mji ule ilikuwa na jina lile ndani. Kwa hiyo mume wa Nanay, mzee mpole aliyebaki kwao akifuga kuku, aliposimama kugombea umeya, alikuwa ameshajulikana kabla hajafungua mdomo. Akashinda. Akashinda tena na tena. Dubai ilileta mali, kule ikaja heshima, na familia ikapanda juu, juu...

Watoto wao walikuwa wawili, Tess na Danny. Tess ndiye mkubwa, na kampuni ilisimama juu ya mabega yake. Mfilipino akifia Dubai, Tess aliacha kila kitu akahangaika hospitali na ubalozini mpaka mwili urudi kwao, na hakumtoza mtu chochote. Danny alikuwa mcheshi, mwenye sura ya kupendeza, akiingia ofisini kila mtu anatabasamu. Mimi pia nilitabasamu. Nani angejizuia?

Tulipendana. Sikumficha baba. Baba alisema kwanza hapana, halafu baada ya wiki nzima akasema, "Akisilimu kwa moyo wake, si kwa ajili yako, mlete nimuone." Danny akasilimu. Alijifunza kusali kwa bidii, akimuuliza baba maswali mpaka baba akaanza kumngojea jioni. Baba akamwita Daudi. Nawaambia wasomaji, mapenzi yale hayakuwa ya uongo. Ndiyo maana yaliuma.

Tulifunga ndoa nyumbani kwetu, watu wachache. Nanay alikuja, akalia, akanikumbatia. Akaniomba jambo moja tu. "Kwetu ni mji wa kanisa," aliniambia. "Mzee wangu yuko madarakani. Tungoje kidogo kabla hatujawatangazia." Danny naye akasema ni kidogo tu. Nikakubali. Niliona ni heshima kwa wakwe.

Ile kidogo haikuisha.

Mwaka wa pili wa ndoa yetu, baba mkwe akafariki ghafla. Danny na Nanay walikwenda kumzika, mimi nikaachwa Dubai. Waliporudi, walikuja na jambo kubwa kuliko msiba. Kiti cha umeya kilikuwa wazi, uchaguzi uko karibu, na wakubwa wa chama chao walitaka mtu wa ukoo ule ule. Nani asimame?

Kikao kilifanyika kwa Nanay, mimi nikiwepo kama mke. Walianza kwa lugha yao, lakini hasira zilipopanda wakaingia Kiingereza, na nikasikia yote.

"Mji umezoea mwanamume," Nanay alisema.

"Mji umezoea nani?" Tess akamuuliza. "Maiti zao nani alizirudisha? Danny? Danny hajui hata mlango wa chumba cha maiti uko wapi."

Danny akasema, "Ate, sijakuomba chochote. Wamenitaka mimi." Ate ndiyo dada mkubwa kwao.

"Kila kitu hujaomba, na kila kitu umepewa."

Nanay akapiga meza kwa kiganja. "Khalas. Danny atasimama."

Tess akainuka, akachukua funguo za gari. Nilimfuata mpaka kwenye lifti kumtuliza, maana moyoni nilimuonea huruma. Alikuwa na haki, au siyo? Akanishika shavu akasema, "Wewe peke yako ndiye umenifuata, Salha. Kuanzia leo usiniite madam. Niite Ate." Nilijihisi nimepata dada.

Danny akaenda kwao na Nanay kufanya kampeni. Mwanzoni alipiga simu kila siku. Baadaye mara moja kwa wiki, tena kwa haraka, nyuma yake makelele ya watu na ngoma. Nikimwambia nataka kuja, anasema subiri. Wakati huo nikagundua nina mimba... Sikutaka kumwambia kwenye simu. Nilitaka nimuone uso wake.

Siri ile nilimwambia Tess.

Alinikumbatia, machozi yakamlenga. Akasema, "Basi huwezi kukaa hapa. Mke wa mgombea anatakiwa awe karibu na mumewe. Tiketi juu yangu. Tutamshtukiza." Baba hakupenda. Aliniuliza, "Mumeo anajua unakwenda?" Nikamwambia tunataka kumfurahisha. Akanisomea dua mlangoni.

Tulifika mji ule asubuhi ya mvua. Tess akaniambia nivae kama ninavyovaa siku zote, buibui langu jeusi na ushungi, nisione haya. Akanipeleka uwanja wa mbele ya kanisa. Watu walikuwa wengi sana, tarumbeta zinapigwa, picha za Danny kila nguzo. Danny mwenyewe yuko jukwaani, shati jeupe, na pembeni yake amesimama msichana mzuri wa rangi ya maji ya kunde, amemshika mkono. Nikamuuliza Tess yule ni nani. Akasema, "Binti wa familia yenye mashamba ya miwa. Bila wao hashindi. Leo wanatangaza uchumba."

Nikataka kurudi nyuma. Lakini Tess alikuwa ameshanishika mkono, na mbele yetu wamesimama waandishi wa habari na kamera zao, kana kwamba walikuwa wakitungojea mimi na yeye. Walikuwa wakitungojea kweli. Tess ndiye aliyewaita.

Danny aliposhuka jukwaani tukakutana uso kwa uso. Alibadilika rangi. Mwandishi mmoja akamuuliza kwa Kiingereza, kwa sauti ya kusikika na wote, "Bwana Salvareza, mwanamke huyu ni mkeo?"

Nilimtazama mume wangu. Niliona akilitazama buibui langu, kisha uso wangu, kisha akamtazama yule msichana nyuma yake...

"Hapana," akasema. "Ni mfanyakazi wetu wa Dubai. Amekuja kumsaidia mama."

Nanay alikuwa hatua chache tu. Mama aliyelia harusini kwangu akanijia, hakunitazama machoni, akanipa mkoba wake na mwavuli. "Njoo," akasema. "Nishikie hivi, unifunike na mvua."

Wasomaji wenzangu, nilivishika. Nilimfunika. Nilitembea nyuma yake mbele ya mji mzima kama mtumishi, kamera zinapiga. Kwa nini sikusema neno? Nimejiuliza mara nyingi. Nadhani nilikuwa bado nangoja aseme ni mzaha.

Tess alinikuta uani kwa Nanay, nimekaa kwenye kiti cha plastiki. Hakunipa pole. Alikuwa amekasirika. "Kwa nini hukusema? Nimekuleta huku useme. Neno moja tu, ningemmaliza." Hapo ndipo nilipoelewa. Yule dada yangu hakunipeleka kwa mume wangu. Alinipeleka vitani mwake, nikiwa risasi.

Danny alikuja baadaye kidogo, amebadilisha nguo. Akapiga magoti mbele yangu. "Ni siasa tu, Salha. Ule uchumba ni wa maneno. Uchaguzi ukipita nitaliweka sawa jambo hili."

Nikamwambia nina mimba.

Nilikuwa nimeuota uso wake wa wakati ule kwa wiki nyingi. Nilidhani hata kwa aibu ile aliyonitia, habari hii itamrudisha kuwa Daudi wa baba. Danny akauliza swali moja.

"Tess anajua?"

Hakuuliza mtoto ana hali gani. Hakuuliza kama nimekula. Nikainuka, nikamwambia nataka kurudi kwetu.

Nilisafiri peke yangu. Siku chache baada ya kufika Dubai maumivu yakanianza, baba akanikimbiza hospitali, lakini mimba ilikuwa imeshaharibika. Daktari alisema hutokea tu, si lazima iwe sababu ya safari wala huzuni. Labda. Baba alikaa pembeni ya kitanda na tasbihi yake. Nilingoja aseme, "Nilikwambia." Hakusema, wala hajasema mpaka leo. Aliniuliza tu kama nataka uji.

Nilimpigia Danny, hakupokea. Nikamwandikia ujumbe kwamba mtoto hayupo tena. Jibu lilikuja kesho yake, na ndani yake mlikuwa na talaka. Kwa simu, wasomaji. Maneno mafupi, ya Kiingereza, na mwishoni ameandika samahani. Baba alipeleka shauri mahakamani mpaka likakamilika kisheria, mimi nimekaa nyuma ya baba kama mtoto.

Danny alishinda uchaguzi. Msichana wa mashamba ya miwa akaolewa naye kanisani. Kuhusu dini aliyoipokea sebuleni kwetu, hilo ni lake na Mola wake.

Na Tess? Mfilipino mmoja niliyefanya naye kazi ndiye aliyenisimulia, tulipokutana sokoni. Uchaguzi uliofuata Tess alisimama kugombea ubunge, na meya Danny ndiye aliyemnadi. Walipanda jukwaa moja, wameshikana mikono juu, Nanay katikati anatabasamu. Waligawana. Danny mji, dada yake bunge. Ugomvi wao uliisha kwa makofi ya watu. Mimi niliyekanyagwa katikati, hakuna aliyenikumbuka hata kuniuliza kama nimeinuka.

Nakosea. Mmoja alikumbuka. Miaka ya mwisho ya muongo ule, kengele ya mlango ililia, nikafungua, nikamuona Nanay. Alikuwa amezeeka sana. Baba alitaka kumfungia mlango. Nikamwambia, "Baba, muache akae." Nikampa chai.

Hakuzunguka. Akasema, "Nimekuja kukuomba radhi kabla sijafa."

Nikamuuliza, "Nanay, ulijua mimi ni mke wa mwanao. Ulikuwepo. Ilikuwaje ukanipa mkoba nikubebee?"

Akaweka kikombe chini. "Nilikuwa na nafasi ya kuokoa mmoja," akasema. "Wewe ulikuwa na baba wa kukupokea. Danny angeanguka pale, asingekuwa na pa kuangukia. Basi nikakuangusha wewe."

Sijawahi kusikia neno la kweli kama lile, wala la kikatili kama lile. Nilimsindikiza mpaka chini nikamuitia teksi. Radhi nilimpa, kwa ulimi. Moyo ulichelewa, na sehemu nyingine haijafika bado.

Niliposwa tena, mara mbili, na watu wema. Sikuweza. Nikisikia mwanamume anasema "tungoje kidogo," mwili unanisisimka. Sasa namsimamia baba biashara yake, nalala, naamka, namshukuru Mungu.

Dada zangu mnaosoma haya, hasa nyinyi mlio ugenini, mkipendwa na watu wa familia kubwa, sikuambieni msipende. Nakuombeni msikubali ndoa ya kufichwa, hata ikifichwa kwa maneno matamu, hata mkwe akikulilia kifuani. Wala msiingie katika ugomvi wa ndugu wa damu kwa kumuonea mmoja huruma, wao watapatana. Mwanamume akikwambia usubiri, mpeleke mbele ya watu wake umuulize: mimi ni nani wako? Akitafuta maneno, usingoje ayapate. Chukua mtandio wako urudi kwenu, ukiwa bado unaweza kutembea.