Maziwa Kwenye Duara

Mtoto alicheua akiwa ameshiba, ilhali tangu jana alikuwa amekataa titi la mama yake. Mokami akamfuta midomo kwa kanga. Alichofuta hakikuwa maziwa. Kilikuwa tope la kijivu, lenye harufu ya mawe yanayopondwa kule machimboni. Matiti yake mwenyewe yalikuwa yamejaa mpaka yakawa magumu, hata nguo ikiyagusa yanauma, na mwanawe wa kwanza kageuzia uso ukutani, anafyonza hewa taratibu.

"Mama," alimnong'oneza mama mkwe wake, "nani anamnyonyesha?"

Bibi Wankuru hakuuliza mara mbili. Mtoto akikataa titi, kuna marehemu anayetaka mtoto apewe jina lake. Akampakata mjukuu, akaanza kutaja wafu wa ukoo: babu, bibi, hadi shangazi aliyechukuliwa na mamba Mto Mara. Mtoto akawakataa wote. Mlangoni alisimama Mwikwabe, baba wa mtoto, na buti zake za machimboni, akitoka jasho asubuhi ile ya baridi.

"Taja na wewe wa kwako," mama yake akamwambia.

"Sina."

"Mwikwabe!"

"Gati," akasema kwa sauti ndogo.

Mtoto akageuka, akadaka titi la Mokami, akanyonya kwa pupa.

Hapo Mwikwabe akaishiwa na uongo. Gati alikuwa kibarua akiponda mawe kwenye duara la Mwikwabe, shimo la dhahabu, mtoto mgongoni. Wachimbaji husema tone la maziwa ya mama likiangukia shimoni, dhahabu hukimbia. Basi mtoto wa Gati alipolia, Mwikwabe alimfukuza mama akanyonyeshee kwenye shimo bovu la pembeni. Ardhi ikawafunika wote wawili. Na kwa kuwa mwamba ulikuwa ndiyo kwanza umeanza kutoa dhahabu, Mwikwabe hakutaka kazi isimame, akawatangazia watu kwamba Gati karudi kwao Sirari.

"Kawafukue leo hii," Bibi Wankuru akasema. "Majini ya mjini hufukuzwa kwa ubani. Huyu anataka haki yake."

"Nikifukua nitafungwa, mama." Akaondoka kwenda kazini.

Hata barabarani hajafika, mtoto akaliachia titi, akageukia tena ukutani, na sasa Mokami alisikia kabisa mate yakimezwa, na harufu ya vumbi ikajaa chumba kizima, na tumbo dogo likazidi kuvimba huku midomo ikigeuka rangi ya jiwe, na kila alipojaribu kumvuta kifuani mwake alihisi mkono mwingine, wa baridi, ukimvutia upande wa pili.

Hofu ikamtoka Mokami, ikabaki hasira. Akamfunga mwanawe kifuani, akaenda machimboni jua likiwa utosini.

"Wee mama, anayenyonyesha hasogei hapa!" wachimbaji wakapiga kelele.

Akainama mdomoni mwa duara. "Mwikwabe! Panda uwafukue!"

"Mtoeni huyo mwanamke na maziwa yake!" sauti ikajibu kutoka chini.

Bila shaka Gati naye aliambiwa hivyo hivyo. Mokami akafungua blauzi, akakamua, maziwa yakadondokea gizani.

"Gati," akasema, "mtu wako yumo humu."

Chini kabisa mtoto akalia, sauti changa, ya njaa. Waliokuwa shimoni wakaparamia kamba, wakatoka mmoja mmoja wakihema. Mwikwabe alitokeza kichwa, akamwangalia mkewe, kisha kitu kikamvuta miguu. Udongo ukajifunga juu yake polepole.

Wakati watu wakikimbilia majembe, Mokami aliketi kwenye rundo la mawe. Mwanawe alikuwa ameshika titi la kulia, midomo imerudi kuwa myekundu. Akambembeleza kwa jina lake jipya, Gati, na machozi yakamtoka kwa furaha.

Kisha akahisi titi la kushoto nalo linanyonywa. Hakukuwa na kitu pale, ila vumbi la kijivu kuzunguka chuchu. Mokami akatulia, akaanza kumbembeleza na yule wa pili.