Pikipiki ya Mjomba

Haya hayakumpata mtu wa mbali niliyehadithiwa saluni. Yalimpata mdogo wangu wa tumbo moja, na kipande chake kilinipata na mimi, kwa hiyo anayetaka kubisha aje tubishane uso kwa uso. Nipo kibandani kwangu na cherehani yangu, siendi popote.

Mdogo wangu tunamwita Kitinda, kwa kuwa ndiye kitinda mimba wa mama. Kazi yake ilikuwa kusambaza dawa kutoka ghala la jumla kwenda maduka madogo ya dawa, kwa miguu, mgongoni begi linalotaka kumzidi kimo. Bosi wake alishamwambia kwamba njia za mbali, zenye mshahara wa kueleweka, anapewa mwenye leseni na pikipiki yake. Basi Kitinda akaingia uwanjani kujifunza.

Mwalimu hatukumtafuta. Mjomba, kaka yake mama, ndiye aliyewafundisha pikipiki nusu ya vijana wa mji wetu. Alikuwa na uwanja wake wenye ukuta na geti, nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma. Ndiye aliyetulea baba alipofariki. Viatu vyetu vya shule, madaftari, hata cherehani yangu ya kwanza, vyote vilipitia mkononi mwake. Angeniambia leo ni Jumapili wakati ni Jumatano, ningevaa nguo za Jumapili.

Alikuwa na ufundishaji wake. Mwanafunzi akishazoea klachi na breki, mjomba anapanda nyuma yake, wanaingia barabarani. Ndani ya helmeti maneno hayasikiki vizuri, kwa hiyo haongei. Anakugonga bega la kushoto, unakata kushoto. Anakugonga la kulia, unakata kulia. Akikuwekea kiganja mgongoni, unasimama.

"Ukigongwa, kata," alikuwa akiwaambia. "Ukianza kuniuliza kwa nini, tutajibiwa na lori."

Kitinda alilishika somo hilo kuliko wote. Hata jikoni, ukimgusa bega la kulia, anageuka kulia na sufuria lake. Tulimcheka mpaka tukachoka.

Akafaulu mtihani mara ya kwanza. Alikuja kibandani akaichomeka leseni kwenye kona ya kioo ninachowapa wateja wajitazame. "Dada," akasema, "kuanzia leo shikamoo unanipa wewe. Unaongea na dereva."

Jumamosi yake tukaenda kuchagua pikipiki, sisi wawili na mjomba. Pale yadi zilipangwa safu kwa safu, na Kitinda akawa anapanda hii na kushuka ile, anapima kama miguu yote miwili inakanyaga chini bila kunyanyua visigino. Moja nyekundu ilimkaa kama nguo ya kupimiwa. Mjomba akaizunguka, midomo ameibana. "Nyepesi mno. Upepo wa lori utaibeba, na wewe juu yake." Nyeusi je? Inakula mafuta. Ya kijani? "Spea zake utazitafuta mpaka uote mvi." Kila tulipopenda, yeye alikuwa na kasoro. Mwisho muuzaji akauliza kama tumekuja kununua pikipiki au kumkagua mchumba.

"Ninayo moja pale uwanjani," mjomba akasema, kama vile ndiyo kwanza anakumbuka. "Nitampa bure, zawadi ya kufaulu. Ila mimi simchagulii mtu. Atachagua mwenyewe."

Ilikuwa ya buluu, rangi mbichi bado inanuka. Kitinda akairukia kwa furaha. Mjomba akamshika mkono, akauweka juu ya tangi la mafuta.

"Sema kwa mdomo wako. Umeichagua?"

"Nimeichagua, Mjomba."

"Wewe, siyo mimi. Sema tena."

"Mimi ndiye niliyeichagua. Eh, Mjomba, mbona kama harusi?"

Sote tukacheka, isipokuwa yeye. Niliyaona mabega yake yakishuka, kama ya mtu aliyetua gunia. Nikasema moyoni, mzee amechoka na mizunguko ya leo.

Ila nyumbani aliileta kwa kuisukuma. Tangi limejaa, njia ina mlima, na mwalimu wa pikipiki anaisukuma kwa mikono huku jasho linamchuruzika mpaka kidevuni. Mama alikuwa mlangoni. Hakumuuliza kitu. Alifungua mlango wa uani, pikipiki ikapita, akaingia ndani.

Siku za mwanzo zilikuwa nzuri. Kitinda alipewa njia ya mbali, akawa anarudi na vumbi usoni na kicheko. Siku moja nakata kitambaa, yeye anakunywa maji mlangoni, akaniambia, "Dada, bado nasikia anagonga."

"Nani?"

"Mjomba. Begani. Nikiwa peke yangu njiani."

Nikamwambia mazoea yana taabu. Mimi mwenyewe nikilala huwa naota nakanyaga cherehani. Akakubali. "Tena ananielekeza vizuri," akasema. "Anazijua njia za mkato."

Baadaye kicheko kikapungua. Akaniambia amegongwa, amekata, na amejikuta njia panda ya machimbo ya kokoto, mahali asipo na mteja. Akarudi. Kesho yake akagongwa tena, akakata tena, akafika pale pale. Ilikuwa mchana, malori yanapita, watu wanauza maji. Hapakuwa na kitu cha kutisha. "Lakini Dada," akasema, "nikifika pale sigongwi tena. Nawekewa kiganja mgongoni."

Nilimwambia apumzike. Naye akaniambia dereva akipumzika, njia anapewa mwingine.

Wiki hiyo hiyo nilikuwa na mapazia ya kupeleka kwa mteja. Kitinda akajitolea kunibeba. Jua lilikuwa la utosi, anga halina hata wingu. Nikapanda nyuma, furushi nimelifunga mgongoni, mikono nikaizungusha kiunoni kwake. Sasa mimi ni mshonaji. Kiuno nakijua kwa mkono kabla sijakipima kwa futi, na cha Kitinda nimekishonea tangu akiwa mtoto. Nikakiona kinene. Nikagusa mkanda wa ngozi, na bizimu yake ikaniumiza kidole. Shati lilikuwa limelowa. Nikasema moyoni, huyu mtoto amejivika makoti ya kazi na joto lote hili. Nikashika vizuri zaidi, maana alikuwa anakimbiza.

Tulipita soko. Tukapita shule. Nikaona tunaacha barabara ya mteja.

"Kitinda!" nikaita. Hakusikia.

Shati lile lilikuwa la baridi. Jua linachoma mikono yangu, shati la baridi. Tukafika njia panda. Lori la kokoto linakuja mbele yetu, limejaa, linapiga honi. Kitinda anakwenda moja kwa moja. Vizuri. Litatupita.

Halafu akakata kulia.

Nakumbuka bampa. Nakumbuka kokoto zikitumwagikia kama mvua. Pikipiki ikapita mbele ya lori kwa upana wa kiganja, ikaingia kwenye majani ya mtaroni, na sisi tukabingirika. Nilipofumbua macho nilikuwa hai, na mdogo wangu alikuwa hai, ameketi ameshika bega.

"Kwa nini umenigonga?" akaninong'oneza.

"Sijakugonga. Mikono yote miwili nilikushika kiuno."

Akanitazama.

"Dada, hukunishika. Njia nzima nilikuwa najiuliza mbona hunishiki."

Alikuwa amevaa fulana nyepesi na suruali ya mpira kiunoni niliyomshonea mwenyewe. Mkanda hana. Hajawahi kuwa nao.

Tuliisukuma ile pikipiki mpaka uwanjani, na sasa nilielewa kwa nini mjomba naye aliisukuma. Tulimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki. Alituona tulivyochubuka, na hakutuuliza tumepatwa na nini. Hapo ndipo moyo wangu ulipovunjika, kabla hajasema neno.

"Ulijua," Kitinda akasema.

Mjomba akayatazama mapaja yake. Akaongea kwa sauti ya chini sana, ikabidi tusogee. Huyo anayegonga mabega alikuwa mwanafunzi wake. Njia panda ile ile, pikipiki ile ile, kabla haijapakwa buluu. Mjomba amekaa nyuma. "Nilimgonga la kulia. Sikuliona lori. Nilipoliona, mimi niliruka." Akajifuta uso. "Yeye alikata tu. Nilimfundisha asiniulize."

Tangu hapo kila akipanda, nyuma panakaa mtu. Akiiacha na kupanda nyingine, mtu anahamia kwenye nyingine. Alikwenda kwa mganga, akaambiwa atapumzika siku atakapompata mwingine wa kuichagua kwa mdomo wake.

"Kwa nini mimi, Mjomba?"

"Nina watoto wadogo, mpwa wangu. Wewe bado huna mtu anayekutegemea."

Nimewahi kutukanwa na wateja, nimewahi kuibiwa, lakini sijawahi kusikia neno baya kama hilo likitoka kwenye kinywa nilichokipenda. Kitinda hakulia. Aliuliza tu nani mwingine alijua.

"Muulizeni mama yenu kama nilimficha," akasema mjomba.

Mama alikuwa anachambua mchele. Aliposikia swali, vidole vilisimama kwenye ungo.

"Tuliambiwa asiye na kosa hadhuriki," akasema.

"Aliyewaambia alipanda?" Kitinda akauliza.

"Ni kaka yangu, mwanangu. Nilikuwa namwona anakwisha."

"Na mimi je?"

Mama akarudi kwenye mchele wake. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nimeshona nguo maisha yangu yote, na methali hiyo sikuwahi kuielewa mpaka jioni ile.

Kitinda alikusanya vitu vyake. Kabla ya kuondoka alipita uwanjani, akaurudisha ufunguo kwenye kiganja cha mjomba. "Siichagui," akamwambia. Sikumzuia. Ningemzuia ili abaki na nani?

Kesho yake mchana wachomeleaji walimwona mjomba anatoka getini na ile ya buluu, helmeti kichwani, amejibana mbele juu ya tangi kama mtu aliyepakia abiria mnene. Walimpungia mkono. Hakujibu. Pikipiki ilikutwa njia panda ya machimbo, imesimama kwenye stendi yake, haina mkwaruzo, indiketa ya kulia inawaka na kuzima. Mjomba hajaonekana mpaka leo. Mkewe alichukua watoto akarudi kwao, na wachomeleaji waliikata pikipiki vipande vipande.

Uwanja ukabaki na mama. Kila asubuhi anakwenda kuufagia, eti kaka yake akirudi asikute uchafu. Ndiye aliyeziona alama. Kwenye vumbi, pale wanafunzi wapya walipokuwa wakizungushwa njia ya namba nane, kulikuwa na mchoro wa magurudumu. Nane iliyopinda, ya mtu anayeyumba, anayekanyaga chini kila kona. Geti lina kufuli, na ufunguo anao yeye. Akazifagia. Asubuhi zikarudi.

Alinituma kwa Kitinda. Mdogo wangu siku hizi anaishi upande wa pili wa mji, ameajiriwa ghala jingine, na amenunua pikipiki ndogo aliyoichagua bila kumuuliza mtu. Alinisikiliza akiwa mlangoni. Hakunikaribisha ndani.

"Mwambie mama asifagie," akasema. "Amwache kaka yake afundishe."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoniambia uso kwa uso.

Mama hakuacha kufagia, na mimi nikaanza kwenda naye. Nane zile zilikuwa zinanyooka. Mara kuyumba kukaisha kwenye kona ya kwanza, mara ya pili, mara nyayo za kukanyaga chini zikapotea kabisa. Jana ilikuwa nane ya mtu wa kumpa leseni. Mama aliegemea ufagio, akaninong'oneza, "Mwanafunzi akishafaulu, anafanya nini?"

Sote wawili tunajua mtu akifaulu anafanya nini. Anakwenda kuchagua pikipiki.

Leo asubuhi hakuna nane. Kuna mstari mmoja tu wa magurudumu, umenyooka kutoka katikati ya uwanja mpaka getini, umepita chini ya geti, na kufuli limefungwa kama tulivyoliacha. Nimempigia Kitinda tangu alfajiri. Simu inaita mara moja, inakatwa. Nikatumia ya mama, ikakatwa. Nikaandika ujumbe: mdogo wangu, leo usipande, nakuomba.

Umesomwa. Amejibu kwa swali moja tu: "Mnataka nini tena?" Na kutoka hapo simu yake haipatikani.