Udongo wa Tanuri la Zamani

Jioni ile rangi ya kahawia ilikuwa imeniishia.

Mchana kutwa naandika mabango ya maduka, herufi kubwa kubwa, karibu mteja hapa, tumehamia pale. Jua likianza kulegea nakuwa mtu wangu mwenyewe. Nachukua kisanduku cha rangi na kibao kisichozidi kiganja, natoka kuchora mandhari. Kichaka. Kona ya barabara. Paa la jirani na wingu lake. Kila siku, mradi mvua isinyeshe. Kaka yangu, niliyekuwa nikiishi naye, alizoea kunitania. "Wenzako wanachora wakubwa, wewe unachora majani." Lakini ndiye aliyenikatia vibao.

Siku hiyo nilikaa ukingoni mwa shimo la udongo, nyuma ya tanuri la zamani la matofali. Lilikuwa halichomi tena. Mwenyewe, ambaye sote tulimwita Tajiri, alilizima miaka mingi nyuma, akajenga jingine mbali. Mimi nilipenda kuta zake zilivyoshika mwanga wa mwisho. Nikakamua tyubu ya kahawia. Haikutoa kitu.

Harufu ndiyo iliyotangulia. Udongo mbichi... na nywele zilizoungua.

Kisha mkono ukapita juu ya bega langu. Kiganjani, donge la udongo.

"Tumia huu, Kidoti."

Sikugeuka. Mwili ulikataa. Mtu mmoja tu ndiye aliyewahi kuniita Kidoti, kwa ajili ya madoa ya rangi yasiyonitoka mikononi tangu utoto. Dada yangu. Alikuwa mpishi nyumbani kwa Tajiri, akapotea. Tukaambiwa ametoroka na dereva wa lori. Mama alikufa akimlaani.

"Dada..." nikanong'ona. "Ulikwenda wapi?"

"Sikwenda popote." Sauti ilikwaruza, kama majivu yanayofagiliwa. "Tajiri alinitaka, nikamkatalia. Akanipiga kwa koleo. Nikatiwa tanurini pamoja na matofali."

Nilipopata tena sauti, haikuwa sauti ya woga.

"Unataka nini?"

"Chora nyumba yake. Mlango uuache wazi. Yeye hufunga mno."

Nilipogeuka hapakuwa na mtu. Donge lilikuwa mapajani mwangu, la moto, kama mkate uliotoka sasa hivi jikoni.

Kesho yake nilikaa mbele ya nyumba ya Tajiri. Niliuchanganya ule udongo na mafuta, nikachora huku meno yameumana. Ukuta. Geti. Ua la waridi alilolipenda kuliko watu. Mlango wake ulikuwa umefungwa, kama ulivyokuwa kila jioni kabla giza halijaingia, makomeo matatu. Kwenye kibao niliuchora wazi. Rangi nyingine zote zilikauka. Mlango ulibaki mbichi.

Asubuhi mji ulijaa minong'ono. Tajiri alikutwa kitini, amekufa, macho yamemtoka. Makomeo yalikuwa mahali pake, ilibidi wavunje mlango. Sakafuni zilikuwapo nyayo za tope, kutoka mlangoni hadi kitini. Hakukuwa na za kurudi. Daktari alisema moyo. Lakini mhudumu wa mochwari, mteja wangu wa mabango, aliniambia la pembeni. Mdomo ulijaa udongo hadi kooni. Na haukuwa mbichi.

"Ulikuwa umeiva," akasema. "Tofali kabisa. Tuliuvunja kwa nyundo."

Nilipaswa kutetemeka. Nililala usingizi mzito, usingizi wa mtu aliyetua mzigo.

Jioni ya kesho yake nikarudi shimoni kumuaga dada. Harufu ikaja. Mkono ukaja. Donge jingine.

"Tayari ameondoka," nikasema. "Pumzika."

Mkono haukuondoka.

"Nani aliwaletea habari kwamba nimetoroka?"

Nilikaa pale mpaka sikuweza kuona vidole vyangu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nimeisikia methali hiyo maisha yangu yote bila kujikagua nguo.

Kaka alikuwa anakula nilipoingia. Enzi hizo alikuwa mchomaji kwenye tanuri lile. Baada ya dada kupotea, ghafla akawa msimamizi.

"Kaka," nikasema, "lile lori alilopanda dada lilikuwa la rangi gani?"

Kijiko kikasimama njiani. "Miaka yote hii, leo unaniuliza rangi?"

"Si ndiyo kazi yangu."

Akakiweka kijiko. Alitazama sahani muda mrefu, kama mtu anayesoma.

"Alikuwa bado anapumua," akanong'ona. "Nilimwambia Tajiri, huyu anapumua. Akasema ziba mdomo wa tanuri, uwashe." Akameza mate. "Nikaziba."

"Ukamwacha mama amlaani."

"Ningemwambia nini, mdogo wangu?"

"Ungemwambia alikuwa anapumua."

Magharibi ya kesho yake nilikaa ng'ambo ya barabara, kibao mapajani, nikachora nyumba yetu. Hatua za mlangoni zilizomomonyoka. Kamba ya nguo, shati lake likining'inia. Kaka akainua pazia, akaniona. Tulitazamana. Hakuniita, hakunikataza. Akaliachia pazia, nikasikia komeo likiingia.

Mkono wangu ulisita. Huyu ndiye aliyenilea baada ya mama. Huyu ndiye aliyenifundisha kushika penseli.

Alikuwa anapumua...

Nikachovya brashi. Nikauchora mlango wazi.

Usiku ule nililala kwa jirani. Alfajiri nikaenda na fundi, akavunja komeo. Kaka alikuwa kwenye kiti chake. Nyayo za tope ziliishia miguuni pake. Sikuuangalia mdomo wake. Watu walinipa pole, wakashangaa kuona macho yangu makavu.

Tulimzika. Nikajua deni la damu limekwisha, na jioni nikaenda kuchora kama kawaida. Nilikwenda mbali na shimo, upande wa mto, nikachora maji na majani tu.

Harufu ikaja.

"Dada, wote wawili wamekwisha," nikasema. "Ni nini tena?"

Donge likatua mapajani mwangu. Safari hii niligeuka.

Haukuwa uso wa dada yangu.

Alikuwa mwanamke nisiyemjua, kijana, nyusi zimeungua zote. "Dada yako amekwenda kupumzika," akanong'ona. "Alituambia una mkono mzuri."

"Alituambia?"

Akasogea kando kidogo, nikaona kilichokuwa nyuma yake. Walikuwa wamesimama kando ya mto, kufuata ukingo hadi macho yangu yaliposhindwa. Wanawake. Wanaume. Mmoja amempakata mtoto.

Kila mmoja ameshika donge lake.