Kiroboto na Saa ya Kulala

Kiroboto si jina alilozaliwa nalo. Majirani ndio waliompa, kwa sababu hatulii. Ana miaka minne. Mama yake ni fundi cherehani na baba yake ni mwashi.

Kila jioni baba alirudi amechoka. Akimwona mtoto, uchovu wote ulimtoka. Wakishakula, alimbeba mgongoni kama farasi. Walizunguka chumba, wakaruka kitandani, wakacheka. Kisha baba alisema, "Haya, sasa lala!"

Alale wapi! Mtoto alitaka maji. Alitaka katuni kwenye simu. Akinyimwa, alilia. Mama ndiye aliyebaki kumbembeleza, huku baba akikoroma.

Siku moja mama alisinzia juu ya cherehani. Sindano ikamchoma kidole. Jirani yao, muuguzi wa watoto, alikuja kuchukua gauni lake akaona damu.

"Pole, dada! Unashona au unajishona?"

"Ni usingizi, dada yangu. Kiroboto halali, nami silali."

Muuguzi alimfunga kidole, akasimuliwa habari za farasi na katuni, kisha akamngoja mwashi arudi.

"Shemeji, mtoto akirukaruka, mwili wake unachangamka. Hawezi kulala papo hapo. Mwanga wa simu nao unamfukuzia usingizi. Chezeni kabla ya chakula. Baada ya hapo mambo yaende polepole, na yawe yaleyale kila siku. Aoge, mpunguze taa, asimuliwe hadithi, alale saa ileile."

Baba alinuna. "Asubuhi natoka amelala. Jioni narudi giza linaingia. Hata hicho kidogo unaninyang'anya?" Ilimuuma kweli.

"Nani kakunyang'anya? Kumlaza iwe kazi yako."

"Mimi sijui hata hadithi moja!"

"Msimulie ulichojenga."

Jioni ile mtoto alilia akitaka farasi. Kesho yake pia. Baba hakumfokea, wala hakukubali. Alimshika mkono akasema kwa sauti ya chini, "Michezo imekwisha, mwanangu. Sikiliza. Tuliweka tofali. Tukapaka saruji. Tukaweka tofali lingine..."

Hadithi ile ingemlaza hata jogoo.

Mama alitaka kukata tamaa, lakini muuguzi alimwambia, "Vumilia. Mazoea hayaji kwa siku moja." Baada ya wiki chache Kiroboto alikuwa akilala kabla ukuta haujafika dirishani. Mama alishona bila kusinzia. Baba tu ndiye aliyejiona amepunjwa. Mtoto alilala mapema mno, na yeye alikuwa bado ana maneno.

Asubuhi moja baba alikuwa anavaa viatu atoke. Akasikia nyayo ndogo nyuma yake. Kiroboto alikuwa ameamka mwenyewe, ameshiba usingizi, macho yanang'aa.

"Shikamoo baba. Leo utajenga nini?"

Baba alikaa chini, kiatu kimoja mguuni, akampakata. Alichelewa kazini siku hiyo, na hakujuta hata kidogo.