Nilimwambia Baba Asubiri Viti

Nina miaka arobaini na mmoja. Nina diploma ya ufundi mitambo niliyoipata ng'ambo kwa jasho langu mwenyewe, mchana darasani, jioni nikiosha vyombo kwenye hoteli za watu. Sikusomeshwa na mjomba wala sikubebwa na mtu. Nina mke, nina nyumba Kariakoo, na kazini kwangu mashine ikigoma huitwa mimi. Siyasemi haya kwa kujivuna... Nayasema ili mjue kwamba aliyefanya ujinga huu hakuwa mjinga.

Nina kila kitu, ndugu zangu. Baba ndiye sina.

Niliporudi nchini nilinunua gari kwa familia moja ya Upanga iliyokuwa ikihama. Lilikuwa gari la zamani la Kiingereza, limeliwa na kutu, kuku walikuwa wakitaga kwenye kiti cha nyuma. Watu walinicheka. Mimi nikaona walichokuwa hawakioni! Nikaapa nitalirudisha kama lilivyotoka kiwandani, na kila kipuri kiwe cha asili. Hata skrubu. Hata kibati cha nembo.

Mnakumbuka miaka ile? Hata sabuni ilikuwa ya foleni, sembuse vipuri! Nilitafuta kwa mabaharia, nilitafuta kwa mafundi wa Gerezani, nilibadilishana redio yangu ya ng'ambo kwa taa mbili za mbele. Gari lilikaa uani limepandishwa juu ya mawe ili matairi yasichakae. Matairi yenyewe niliyaviringisha kwenye magunia, nikayalaza chini ya kitanda chetu. Mke wangu, Mwanahamisi, aliwaambia mashoga zake kwamba ameolewa uke wenza na bati.

Siku moja Baba alikuja kunitembelea. Alikuwa mkulima wa korosho katika kijiji kimoja mbele ya Kisarawe, na katika maisha yake alipanda malori na mabasi tu. Alilizunguka gari mara kadhaa, mikono nyuma, kama mtu anayetazama ng'ombe wa mahari. Kisha akaniomba nimpeleke mpaka Mnazi Mmoja na kurudi, aonje tu.

Injini ilikuwa inawaka. Magurudumu ningeweza kuyafunga. Lakini viti vya mbele vilikuwa havijashonwa, nilikuwa nangoja ngozi ya rangi ileile ya kiwandani. Nikamwambia, "Baba, subiri niweke viti."

"Hata nikikaa juu ya ndoo, mwanangu?"

"Utaharibu nguo, Baba. Na watu watatuonaje?"

Alicheka. "Haya. Nitangoja viti."

Nikampeleka kituoni kwa miguu, akapanda basi. Ndoo, jamani! Ndoo ilikuwa pale pale uani...

Viti vilikamilika baadaye, na gari likakamilika. Lo! Lilikuwa linameta mpaka mtu anaweza kunyolea ndevu mlangoni. Siku hizo, kwa sababu ya uhaba wa mafuta, magari ya watu binafsi hayakuruhusiwa barabarani Jumapili kuanzia saa nane mchana. Basi sisi wapenda magari tulikuwa tukikutana Mnazi Mmoja Jumapili asubuhi, tunafungua boneti, tunabishana mpaka saa ya marufuku inakaribia. Nikirudi nyumbani nililipandisha tena juu ya mawe, matairi yakarudi chini ya kitanda. Wako waliosema gari ni sura. Wako waliosema gari ni kuwaka tu, mengine mapambo.

Mkubwa wa hao wa kuwaka alikuwa rafiki yangu Kanji, mwenye duka la misumari na rangi kule Mchafukoge. Alikuwa na pikapu ambayo mlango mmoja ulifungwa kwa kamba ya katani, na mpira wake wa maji ulikatwa kwenye tyubu ya lori. Niliipa jina la Kikohozi. Kanji hakukasirika, ila naye alikuwa na lake.

"Injinia, hili gari lako bibi harusi," alinambia mbele ya watu. "Lakini bibi harusi gani huyu, kila siku anapambwa, kwa mume haendi?"

Wakacheka. Akainama kwenye injini yangu, akaubonyeza mpira unaopeleka maji kutoka kwenye rejeta. Ulikuwa mpira wa asili, maandishi meupe ya kiwanda bado yanasomeka. Nilikuwa nikiupaka gliserini kila wiki.

"Umezeeka huu, bwana. Nikukatie tyubu?"

"Tyubu? Kwenye gari hili? Afadhali uifunge shingoni mwangu!"

Nilikuwa najua, ndugu wasomaji. Somo la mpira nililifaulu vizuri! Mpira huzeeka hata ukiwa umesimama, na gliserini hung'arisha ngozi tu, haiponyi kilichooza ndani. Lakini maandishi yale meupe... Katika mji mzima nani mwingine alikuwa nayo?

Kijijini nilikuwa bado sijaenda na gari. Baba aliniletea salamu kwamba anangoja viti. Nikajibu kwamba mvua zikikatika nitakwenda, tope lisichafue chini. Mvua zikakatika. Nikasema vumbi.

Jumapili moja, nimekaa kunywa chai, aliingia binamu yangu Shomari. Alikuwa amekuja na lori la mkaa, uso umejaa vumbi jeusi, na machozi yamechora mistari. Baba alikuwa amefariki alfajiri. Hakuugua sana. Na alikuwa ameacha usia mmoja kwa wazee... mwanawe wa kwanza, ndiye mimi, ashuke kaburini ampokee. Wazee walikubali kuningoja mpaka alasiri, zaidi ya hapo hawawezi.

Mwanahamisi alilia, mimi nikakauka. Kanji alisikia msiba, akaja mbio na Kikohozi, akasimamisha mlangoni bila kuzima injini.

"Panda, bwana. Saa nne hii. Kabla ya saa sita tuko huko."

Nikaitazama ile pikapu. Kamba ya katani, moshi, kelele. Nikakiona kijiji kizima kikinitazama nikishuka humo, mimi, mtoto wa mkulima wa korosho niliyekwenda ng'ambo! Nikasema, "Baba aliningoja na gari langu. Nitamzika na gari langu."

"Aliyekufa haoni gari!" Kanji alipiga kelele. "Panda!"

Sikupanda. Nikavuta matairi kutoka chini ya kitanda, nikaliteremsha gari kwenye mawe. Betri ilikuwa imelala, maana wiki kadhaa sikulitoa, ikabidi tuazime. Mwanahamisi akataka kuja, nikamwambia atangulie na Kanji, kwani bado kidogo tu. Wakaondoka. Nami... niseme au ninyamaze? Nikalipangusa. Msiba wa baba yangu mzazi, nikachukua kitambaa laini na kulipangusa gari vumbi! Shomari alisimama ananitazama.

Tuliondoka jua limeshapanda kichwani.

Kwenye vilima vya kuingia Kisarawe mpira ulipasuka. Nilisikia mlio kama wa mtu aliyepigwa kofi, kisha mvuke ukafunika kioo. Nikafungua boneti. Mpira ulikuwa umechanika pale pale kwenye maandishi meupe.

Nikafungua buti kutafuta kitu cha kufungia. Mkebe wa nta. Vitambaa. Mswaki wa kusugulia nembo. Hamna kamba, hamna dumu la maji, hamna kipande cha tyubu! Vitu hivyo vilikuwa vinachafua buti, sikuviruhusu. Shomari akasema, "Kaka, chana kanzu." Nikachana kanzu ya kuzikia, nikafunga. Maji tuliyaomba kwenye nyumba ya mbali. Tukaenda kidogo, kitambaa kikaachia. Nikafunga tena, kikaachia tena. Safari hii sikusimama, nikakanyaga mafuta kama kichaa, mpaka injini ikalia, ikakaza, ikanyamaza kabisa.

Saa nane ilikuwa imepita. Jumapili! Barabara ilikuwa nyeupe, hakuna gari linalokwenda wala linalorudi. Nikapiga mayowe. Nani wa kusikia? Tukaliacha gari linameta juani, tukaanza kukimbia.

Nilikimbia mpaka nikatapika. Shomari alinishika mkono kama kipofu. Jua lilikuwa linaelekea kuzama tulipouacha mkondo wa barabara na kushika njia ya nyumbani kwetu.

Njia ile tangu utoto wangu ilikuwa ya mguu, mikorosho imeinamisha matawi pande zote mbili, unapita umeinama. Siku hiyo ilikuwa pana. Matawi yamekatwa, visiki vimeng'olewa, mashimo yamefukiwa. Nikamwuliza Shomari nani kafanya hivi.

Akafuta jasho usoni. Kisha akasema, "Baba yako. Kwa panga lake, kidogo kidogo, tangu aliporudi kwako. Alisema matawi yatachuna rangi ya gari lako."

Nikaanguka. Pale pale katikati ya njia, ndugu zangu, nikaanguka.

Nilifika watu wananawa mikono. Udongo ulikuwa bado mbichi, umemwagiwa maji. Baba mdogo ndiye aliyeshuka kumpokea. Alinitazama, nimevaa nusu kanzu, akasema kwa upole, na upole huo ndio ulioniua, "Tulikungoja, mwanangu. Alasiri ikapita. Maiti hangoji." Pembeni ya banda nikaiona Kikohozi, imejaa vumbi, kuku wamelala kivulini mwake. Ilikuwa imefika mapema, imeteka maji ya kuoshea maiti.

Kesho yake Kanji ndiye aliyelivuta gari langu kulirudisha mjini. Hakunisuta hata kwa neno moja. Laiti angenisuta!

Injini niliifufua, maana kazi hiyo naiweza. Mpira wa maji sasa ni wa tyubu, umefungwa kwa waya, na kila niendapo kijijini napita ile njia ya Baba. Hakuna tawi linalogusa rangi. Hakuna! Na kiti cha pembeni yangu, kile cha ngozi ya kiwandani, siwezi kukitazama.

Ndugu msomaji, pengine unalo gari bovu uani unalitengeneza. Litengeneze, silaumu, nayajua mapenzi hayo. Lakini kama mzazi wako yu hai na amekuomba umzungushe, usimwambie rangi bado, usimwambie viti bado. Nakusihi, funga magurudumu leo. Tafuta ndoo, uifunike kwa kanga, umpandishe.