Pete za Zamani Kwenye Shina la Valvu

Mafundi wenzangu wa Suez, na nyinyi wake zetu, hebu nisikilizeni. Alasiri ile ya Ramadhani nyumba ya jirani yangu Nagat ilinukia bata mpaka kwetu. Alikuwa anawangoja watu wawili waje kufuturu: mumewe Shauki na kaka yake wa pekee, Rifaati, wote mafundi wa kiwanda chetu cha mbolea.

Kiwandani, valvu moja ya mvuke wa presha kubwa ilikuwa inavuja. Pakingi, zile pete zinazolizunguka shina ili mvuke usipenye, zilikuwa zimekauka. Mnajua kazi yake: unafunga mvuke, unangoja bomba lipoe, unachokoa pete kuukuu zote kwa kulabu, ndipo unapanga mpya. Mvuke ulifungwa na bomba likapoa, lakini Shauki akalitazama jua.

"Shemeji, mzinga wa kufuturu utalia tungali hapa. Wewe tangulia kwa dada yako, mimi namalizia."

"Utazitoa zote lakini?"

"Loo! Leo unanifundisha kazi?"

Rifaati akacheka, akaenda zake. Shauki akachokoa pete moja tu ya juu, akaweka mpya juu ya zile zilizoungua, akakaza nati mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Mvuke uliporudishwa, hapakuvuja hata kidogo. Mezani Rifaati alimuuliza tena.

"Nimezitoa zote, wallahi," akajibu, huku anamega mkate. Jamani, kaapa uongo mwezi wa Ramadhani!

Asubuhi Rifaati akatumwa kuifunga valvu ile. Shina lilikuwa gumu kwa kukazwa mno, basi akaukumbatia usukani wake, akauzungusha kwa nguvu zote. Pete zile kavu zikapasuka, zikafyatuka, na mvuke ukamvaa usoni na kifuani.

Hospitalini macho yake yalifungwa bandeji. Aliposikia sauti ya Shauki aliuliza, "Shemeji, ulizitoa?"

Shauki aliangua kilio. Nagat, aliyekuwa ameushika mkono wa kaka yake, alimtazama mumewe na akaelewa. Tulimzika Rifaati kabla ya Idi.

Siku hizi bomba la jikoni kwao linavuja. Juzi Shauki aliinuka na spana, mkewe akamzuia mlangoni.

"Liache."

"Nagat, maji yanapotea bure."

"Liache livuje. Hilo angalau halinidanganyi."

Nayasikia matone yale kupitia ukutani, na roho inaniuma kwa wote wawili.

Funzo

Ndugu zangu, kuzuia mvuke usionekane si kuitengeneza valvu. Usifunike kibovu kwa kipya, halafu ukamwapia mtu atakayeweka uso wake hapo kesho. Kama kazi hujaimaliza, sema hujaimaliza, hata kama watu wanakungoja mezani. Nagat angempasha bata wake moto mara ya pili, wala asingenung'unika.