Tangi la Gari la Marehemu

Jambo hili lilimpata rafiki yangu Lemomo, kwao Akheri, kwenye miteremko ya Mlima Meru. Jioni moja ya mvua kubwa mama yake alibanwa na pumu, na hakuna dereva aliyekubali kupanda lile tope. Lilibaki gari kuukuu la marehemu baba yake, ambalo tangi lake la mafuta lilijaa kutu. Lemomo akalishusha hilo tangi, akalimwaga, akalisuuza kwa petroli mpaka likabaki tupu.

Ndipo kitu kikagonga kutoka ndani.

Akamulika kwenye mdomo wa tangi, usiopitisha hata ngumi. Hakuona kitu. Mama alikuwa anahema kwa shida, basi akalifunga hivyo hivyo, akatia mafuta, wakaondoka.

Hospitali walifika, na mama akapona. Ila njiani, gizani, alimshika Lemomo mkono.

“Mwanangu, simama umfungulie. Anasema hapati hewa.”